Tunamsifia Erasto Mpemba, aliyempa friji wiki nzima hatumtaji

Msambaa_Halisi

Wakuu habari za jioni. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya wasapu wiki hii, jamaa anasoma kwa mbwembwe eti Mtanzania aliyewaacha wanasayansi wa dunia midomo wazi, nyuma yake muziki wa kishujaa na bendera inapepea. Anamzungumzia Erasto Mpemba, yule wa maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi. Sina neno na bendera, ila klipu yenyewe imetoka kwenye aiskrimu moja kwa moja mpaka London, katikati hapo imeruka vitu vyote ambavyo kwangu mimi ndo stori yenyewe. Ngoja niiweke yote hapa, mnaoijua mnivumilie.

Mwaka 1963 Mpemba yuko form three Magamba sekondari, huku kwetu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wanajitengenezea aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unayaacha yapoe ndo unaweka kwenye friji. Vijana wengi, nafasi kwenye friji ni za kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja kaona kuchemsha ni kupoteza muda, kakoroga maziwa na sukari hivyo hivyo akaenda kuwahi nafasi. Mpemba yake ndo kwanza yametoka jikoni, akapiga hesabu kwamba akisubiri yapoe atakosa sehemu, akaamua potelea mbali, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu wanafungua, ya kwake yameganda, ya yule aliyewahi bado uji uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Jibu: ulichanganyikiwa wewe, hicho kitu hakiwezekani. Akanyamaza. Baadaye akiwa Tanga mjini akakutana na rafiki yake anayetengeneza na kuuza aiskrimu, yule akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto siku zote, inawahi kuganda. Yaani wauza aiskrimu wa Tanga wanajua na wanakula nayo hela, darasani ni kitu kisichowezekana.

Akafaulu akaenda Mkwawa, Iringa. Wanafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, akanyoosha mkono tena, swali lile lile. Mwalimu akajibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu. Darasa likaokota hapo. Kuanzia siku hiyo akikosea hesabu wanamwambia hayo ni mahesabu ya Mpemba, kila kitu kikawa cha Mpemba. Wote tuliosoma bweni tunajua utani wa namna hiyo ukishakushika hautoki mpaka unamaliza shule.

Sasa kuna mchana mmoja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, moja akatia maji ya bombani, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia. Baada ya saa moja akaenda kuchungulia: zote bado zina maji, lakini ya moto ndo ina barafu nyingi zaidi. Hakuna aliyemtuma, na maksi hapati.

Halafu akaja Dr Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar, kaalikwa kuzungumza na wanafunzi. Muda wa maswali Mpemba akasimama: ukichukua vyombo viwili sawa, maji kipimo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza, kwanini? Osborne akatabasamu, akamwomba arudie swali. Akamuuliza ni kweli, umeshawahi kufanya? Akasema ndio. Osborne akasema sijui, lakini nikirudi Dar es Salaam nitajaribu.

Wenzake wakamjia juu, eti kaitia shule aibu mbele ya mgeni.

Sehemu ambayo klipu haina hii hapa. Baada ya likizo Mpemba akaenda kwa mkuu wa jikoni pale shuleni akaomba friji. Akapewa, friji zima, wiki nzima! Mnajua maana ya friji la jikoni kwenye shule ya bweni miaka ile? Kwanza akajaribu peke yake kimya kimya, maana ingefeli shule nzima ingejua. Ikakubali. Ndo akaita watatu kati ya wale waliokuwa wanamcheka waje waone kwa macho yao.

Na Dar nako Osborne alitimiza. Fundi wa maabara aliyepewa kazi alirudi na majibu kwamba ni kweli maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi 😂😂. Wakarudia na kurudia. Mwaka 1969 ikatoka makala kwenye jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, majina mawili juu, Mpemba na Osborne. Wakati huo Mpemba yuko zake chuo cha wanyamapori Mweka, kule Moshi.

Hoja yangu ni moja. Osborne mwenyewe aliandika kwamba wakati anaulizwa aliona kijana kakosea. Hakumwamini! Alichofanya ni kwenda kupima. Na mkuu wa jikoni sidhani kama alikuwa na habari na Newton, ila alitoa friji. Sisi tunafikiri kumsaidia mtoto mwenye wazo la ajabu ni kumpigia makofi na kumwambia utafika mbali, wakati Mpemba alichohitaji ni friji na mtu wa kusema ngoja nijaribu. Mnaonaje?

Mtata_wa_Mbagala

Mkuu stori tamu na umeandika vizuri ila wacha niseme ukweli mchungu. Swali hilo hilo lilijibiwa umechanganyikiwa na walimu wetu, mzungu akalibeba likawa sayansi. Asingekuja mzungu siku ile Mpemba angekufa na fizikia yake mfukoni. Mpaka leo iko hivyo hivyo, ukiwa na wazo peleka ubalozini 🤣

Mwl_Zamu

Mtata usiwaonee walimu. Nimefundisha fizikia miaka mingi, sasa nimestaafu. Ukisimama mbele ya darasa una silabasi, una mtihani wa taifa unakuja, una watoto mia na kitu wanaobanana kwenye madawati, mmoja anasimama anakwambia maji ya moto yanaganda kabla ya baridi. Ukiacha kila kitu ukamfuata huyo, wale wengine mada haiishi. Nasema hivyo siyo kutetea ile dharau, kumpachika mtoto jina mbele ya wenzake ni kosa na mimi nisingelifanya. Lakini unaweza kukataa swali bila kumvunja mtu.

Na Msambaa kuna kipande umekiacha. Mpemba alipopata majibu kwenye friji la jikoni alikwenda kumwambia mkuu wa idara ya fizikia pale pale Mkwawa. Akaambiwa haipaswi kuwa hivyo, mchana huu nitafanya mwenyewe. Akafanya, akapata yale yale. Kwahiyo mzungu hakuwa peke yake aliyepima, isipokuwa huyu wa kwetu alichelewa.

Msambaa_Halisi

Shikamoo mwalimu. Hicho kipande kweli nilikipitia juu juu na ni kizuri kuliko nilivyofikiri, kwasababu huyo mkuu wa idara alikuwa na cha kupoteza kuliko Osborne. Osborne akisema sijui anapanda gari anarudi zake Dar. Mwalimu wa shule akisema sijui, kesho asubuhi anaingia darasa lile lile na watoto wale wale.

Mtata hoja yako naielewa ila naona umeikata fupi. Wazungu walikuja wengi miaka ile, na profesa akiulizwa kitu kama kile kawaida anatoa maelezo marefu ya kumfunika mtoto mpaka akae chini. Huyu alisema sijui mbele ya ukumbi mzima.

FundiBaridi

Nimeitwa? 😄 Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, hii mada naikuta kila siku kwa wateja wananiuliza eti ni kweli. Sikilizeni niwape upande wa chini.

Mafriji ya zamani, na mengi tu mtaani sasa hivi, kile chumba cha kugandishia kinajaa theluji. Ukipitisha mkono kule ndani unakuta ukuta mweupe, mwingine unene wa kidole, na chini vile vile. Ile theluji watu wanafikiri ni baridi ya ziada, kumbe inazuia. Baridi inatoka kwenye bomba la gesi nyuma ya bati, theluji imekaa katikati. Sasa ukiweka chombo cha baridi kinakaa juu ya theluji kimetulia, kinapoa taratibu. Ukiweka cha moto kinayeyusha pale chini, kinazama mpaka kinagusa bati lenyewe, hapo kinanyonywa joto haswa. Nimewahi kutoa sufuria ya mtu kwenye friza imeacha duara chini kama muhuri, bati linang'aa, pembeni kote theluji. Kwahiyo aiskrimu za Magamba na za Tanga mjini kwa maoni yangu hiyo ndo sababu mojawapo kubwa.

Kwenye friza za nofrosti hiyo haipo, ndo maana mwingine akijaribu kwake inakubali mwingine inakataa, halafu wanaitana waongo.

Nyuzi_Joto

Fundi heshima yako, ila Osborne hilo alilifikiria. Bika zake aliziweka juu ya kipande cha povu gumu lile la kufungia matelevisheni ili zisiguse chini, na bado ya moto ikatangulia. Alijaribu mpaka kuweka mafuta juu ya maji akaona kuganda kunachelewa masaa kadhaa, maana yake joto kubwa linatokea juu siyo chini. Waliangalia pia kama ni kwasababu maji ya moto yanapungua kwa mvuke wakaona hayapungui kiasi cha kuleta tofauti ile.

Sasa niwe mbaya wenu kidogo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima upya kwa vipimajoto makini wakasema hawaoni ushahidi wa maana kwamba maji ya moto yanapoa haraka kuliko ya baridi. Na walionyesha kitu cha kuchekesha, ukisogeza kipimajoto juu au chini kama sentimita moja tu unaweza kujitengenezea matokeo ya Mpemba ambayo hayapo. Kwahiyo kabla hatujapeperusha bendera tujue kwamba kwenye maji ya kawaida ubishi haujaisha.

Mtata_wa_Mbagala

Haya sasa! Kumbe mwalimu wa form three alikuwa sahihi, dogo alichanganyikiwa 🤣🤣

Nyuzi_Joto

Hapana Mtata, usinilishe maneno. Wanafalsafa wa zamani waliijua, Aristotle aliandika habari hii, Bacon na Descartes pia waliigusa, watu wote hao hawakuchanganyikiwa na maziwa ya Lushoto. Na mwaka ule ule wa 1969 kuna mtafiti Kanada anaitwa Kell naye alitoa makala yake kivyake kabisa. Kitu kinaonekana. Ubishi ni kwamba kinaonekana kwasababu gani na kwa mazingira gani. Mara mvuke, mara mzunguko wa maji ndani ya chombo, mara hewa iliyoyeyuka humo, mara maji ya baridi yanashuka chini ya sifuri bila kuganda. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliweka zawadi ya pauni 1000 kwa maelezo bora zaidi, wakajitokeza watu zaidi ya 22,000 kutoka kila pembe, akashinda Nikola Bregović wa Zagreb, na aliyemtangaza mshindi ni Mpemba mwenyewe. Hata baada ya hapo hakuna aliyefunga mjadala.

Kinachonifurahisha mimi ni kilichofuata, maana wameshatoka kwenye maji. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwa nadharia kwamba mfumo ulioanza mbali na mwisho wake unaweza kufika mapema kuliko ulioanza karibu, kwasababu umepita njia nyingine. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada wakaionyesha kwa chembe ndogo sana, safari hii bila kubahatisha, unarudia unapata. Sasa hivi wako kwenye fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, 2024 wameipima kwenye ayoni, yaani atomu zenye chaji. Na kila makala jina ni Mpemba. Ile fizikia ya Mpemba mwalimu aliyoisema kwa kejeli sasa ni jina la somo 😅

Mpakani_Kyela

Nimesoma toka juu, naomba nijibu hoja ya Mtata ya ubalozini. Sisi huku tunaishi karibu na Malawi kwahiyo stori ya William Kamkwamba tunaijua vizuri. Kule Wimbe, Kasungu, njaa ya 2001 na 2002, kijana anatolewa shule kwa kukosa ada. Anaenda kukaa kwenye maktaba ndogo ya kijiji, anakuta kitabu cha nishati chenye picha za mitambo ya upepo, Kiingereza kinampa shida anasoma kwa kufuata michoro. Akaokota vyuma dampo, feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dainamo, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto akayanyoosha yakawa mapanga. Kijiji kinasema amerukwa na akili, wengine wanasema bangi. Taa ikawaka nyumbani kwao.

Sasa nani alimtoa? Dr Hartford Mchazime, Mmalawi, alikuwa kwenye mradi wa walimu uliopeleka vitabu kwenye ile maktaba. Alisikia kuna mnara wa ajabu akaenda kuuona kwa macho, akarudi na waandishi wa habari. Ndo mambo yakaenda mpaka Arusha, Juni 2007, mkutano wa TED, ule wa hotuba fupi za mawazo mapya, ulifanyika pale, dogo akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza maishani anatetemeka. Arusha yetu hii. Na aliyemwalika kwenye mkutano ni Mnaijeria, Emeka Okafor. Mzungu wapi hapo Mtata?

Halafu kaongezeni na hii, yule Osborne miaka ya 80 alikuwa balozi wa Uingereza Malawi. Dunia ndogo.

Mtata_wa_Mbagala

Mkuu wa Kyela umenipiga chini ya kitambi, nakubali kwa Kamkwamba. Ila swali langu liko pale pale kidogo. Hao wawili tunawajua kwasababu kuna mtu alikwenda kuona. Ambao hakuna aliyekwenda? Mtaani kwangu kuna fundi redio anaunda pampu za maji kwa mota za mashine mbovu za kufulia, zinavuta kisima kizuri tu, serikali ya mtaa wanapita pale kila siku kukusanya hela ya taka hawajawahi hata kusimama kuuliza inafanyaje kazi.

Msambaa_Halisi

Mtata na wewe je, ulishasimama ukamuuliza?

Mtata_wa_Mbagala

Nimemnunulia soda 😂 Sawa, nimekuelewa, usiniangalie hivyo.

BiUbuyu

Jamani nimekaa kimya nasoma toka jana. Mimi nauza barafu za ubuyu na za ukwaju hapa nyumbani, watoto wa shule wanapitia mapumziko ya saa nne. Shida yangu ni kwamba nikichelewa kuweka usiku asubuhi katikati bado laini, mtoto aking'ata kona inamwagikia shati, mama yake ananifuata mimi. Ubuyu nauchemsha na sukari na rangi, halafu nausubiri upoe ndo nafunga kwenye vifuko. Sasa hii ya Mpemba ina maana nikifunga ukiwa wa moto zitawahi? Maana kusubiri upoe kunanifikisha saa tano usiku. Friza yangu ni ile ya mlango wa juu na ina hiyo theluji aliyoisema fundi.

FundiBaridi

Mama shikamoo. Kwanza usifunge wa moto kwenye mifuko ya nailoni, mifuko yenyewe italegea na siyo salama kwa watoto. Pili Mpemba alikuwa na chombo kimoja kidogo kwenye friji. Wewe ukitia ndoo nzima ya ubuyu wa moto mle ndani utapasha na zile za jana zilizokwishaganda, kompresa itakimbia usiku kucha bila kupumzika na luku utaona inavyoshuka. Usifanye.

Ila kama unataka kuwahi, fanya hivi. Theluji ikifika unene wa kidole zima friza, acha mlango wazi iyeyuke yenyewe, usichokonoe na kisu maana ukitoboa bomba la gesi umeshaingia hasara. Ukiwasha panga vifuko bapa vikiwa vimelala na viguse bati, usivirundike. Na ubuyu upoze kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji, ukoroge koroge. Hapo saa tatu usiku unafunga.

BiUbuyu

Marahaba mwanangu, ubarikiwe. Ile ya kuvilaza sikuwahi kuijua, nilikuwa naviweka vimesimama kwenye kopo. Lakini nina binti wa form two, kashasoma huu uzi kaniambia mama hebu tujaribu viwili tu, kimoja cha moto kwenye kikombe cha chuma na kimoja cha baridi. Nimemkatalia mara ya kwanza.

Mwl_Zamu

Bi Ubuyu mruhusu. Mwambie vikombe viwe sawa kabisa, maji apime kwa kitu kimoja, na yote mawili yawe yalishachemshwa, la pili liachwe lipoe. Osborne ndivyo alivyofanya ili tofauti isije ikawa kwenye hewa iliyomo majini. Aweke kitambaa kilichokunjwa chini ya vikombe vyote viwili siku moja, siku nyingine avitoe vikae juu ya theluji, aone kama maneno ya fundi yana ukweli. Na aandike kila mara anapofungua mlango, asifungue fungue, kila akifungua baridi inatoka.

Nyuzi_Joto atamsaidia kusoma majibu, mimi macho yangu ya simu siyo mazuri usiku.

Nyuzi_Joto

Niko tayari mwalimu. Binti aamue kabisa kabla hajaanza nini ndo "kuganda" kwake, barafu ya kwanza kuonekana juu au kikombe chote kuwa kigumu, maana watu wamegombana miaka yote hii nusu ya ugomvi ni hapo. Osborne yeye aliangalia muda wa kuanza kuganda, na akakuta yaliyochelewa kuliko yote ni yale yaliyoanza kwenye nyuzi 25, wakati ya nyuzi 90 yaliwahi sana. Kwahiyo akiwa na muda ajaribu na vuguvugu, asiishie kwenye moto na baridi tu.

Kipepeo_Iringa

Mimi nimesoma pale pale Mkwawa, wakati wetu kilishakuwa chuo kishiriki cha ualimu. Nafikiri kinachotakiwa ni mambo yaleyale madogo, chumba cha maabara kiachwe wazi jioni, basi. Mpemba alikuta mlango uko wazi. Shule nyingi nilizopita mazoezi ya kufundisha maabara ina kufuli, ukiuliza ufunguo unaambiwa uko kwa mkuu wa shule na mkuu wa shule kasafiri, bika ziko kabatini na stika zake hazijawahi kuona maji. Wanaogopa watoto watavunja. Sasa bika ikivunjika si inanunuliwa nyingine?

Mwl_Zamu

Kipepeo hapo umegusa penyewe, ila nikwambie upande wa pili. Bika ikivunjika mwalimu wa maabara anakatwa au anaandikiwa barua, siyo mkuu wa shule. Ndo maana kufuli. Shule niliyomalizia tulikubaliana kuwa na kidaftari cha vilivyovunjika, mtoto anaandika jina na alikuwa anafanya nini, hakuna adhabu. Mwaka wa kwanza vilivunjika vingi kweli. Baadaye wakawa wanaleta makopo ya maziwa na chupa za soda zilizokatwa kutoka nyumbani, wanaogopa kuandika kwenye kidaftari 😄

Mpakani_Kyela

Msambaa swali dogo, Mpemba baadaye alifanya nini? Maana watu wanafikiri alikuwa profesa wa fizikia.

Msambaa_Halisi

Hapana, alikuwa mtu wa wanyamapori kazi yake yote, ofisa mkubwa tu wizara ya maliasili na utalii, mpaka akastaafu. Fizikia ilikuwa ni ile ya kwenye friji. Na mimi hilo silioni kama hasara hata kidogo, watu wanalalamika eti kipaji kilipotea, kilipotea wapi wakati wanafizikia wa dunia nzima wanakibishania mpaka kesho na yeye alikuwa zake anashughulika na wanyama?

Bi Ubuyu, binti akimaliza tuwekee hapa majibu hata kama hayakubali. Hasa kama hayakubali, maana Nyuzi_Joto atafurahi.

BiUbuyu

Ameshaanza jamani, kabandika karatasi kwenye mlango wa friza imeandikwa USIFUNGUE na mimi nina samaki humo ndani wa chakula cha usiku. Baba yake anarudi saa moja.